Vestina, Mfungua Mbegu

Bamia zilizokuwa zinashuka Mpanda mjini mwezi wa nane, miaka ile ya tisini, wakati bustani za wengine bado ni udongo mtupu, wengi wenu mlizila bila kuuliza zimetoka wapi. Nitawaambia. Zilitoka bondeni kwetu Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, na kabla ya kupandwa zilikuwa zimebebwa tumboni na mwanamke mmoja. Sisemi alizimeza. Zikiwa bado mbegu alizifunga kwenye kitambaa kibichi, akakifunga kitambaa tumboni chini ya kitenge, akapika nazo, akalala nazo, akaenda nazo kisimani mpaka zilipopasuka. Jina lake Vestina. Alikuwa anakaribia miaka thelathini na bado aliitwa Vestina tu, kwa sababu hakuwa na mtoto wa kumpa jina lingine.

Mimi naitwa Mama Laurence. Nyumba yangu na yake zilitenganishwa na ua wa minyaa, na minyaa haizuii maneno. Nilikuwa nauza mboga stesheni, treni ya Tabora iliposimama, kwa hiyo mdomo ninao. Hasira pia ninazo, na padri ameshindwa kuniondolea katika kitubio. Anayetaka kusimuliwa habari hii kwa upole amtafute mtu mwingine.

Vestina aliingia Tanzania mgongoni mwa mama yake mwaka wa sabini na mbili, tulipokimbia Burundi sote na vyungu vyetu kichwani. Alikulia hapa hapa makazini, akasoma kidogo, akalima sana, kisha akaolewa na Onesphore. Walioana kanisani, na shela ya kuazima. Onesphore alikuwa mwanaume mpole. Namwita mpole kwa kukosa neno lingine: ukimpa mzigo anaubeba, ukimwambia autue anautua, na hakuulizi kwa nini kwa vyote viwili. Baba yake alishakufa. Mama yake, Vénérande, ndiye aliyekuwa baba na mama na mwenyekiti wa nyumba ile, na pia ndiye aliyeongoza rozari katika jumuiya yetu. Alikuwa na sauti nzuri ya kusali. Hilo siwezi kumnyima.

Sasa niwaeleze habari ya mbegu, maana bila hiyo hamtaelewa uovu wenyewe. Mbegu ya bamia ina ganda gumu. Ukiitafuna itakuumiza jino. Ukiifukia kavu mwezi wa sita, wakati usiku wa Mpanda unakufanya utafute blanketi la pili, inakaa tu ardhini. Unamwagilia, maji yanapita juu yake na kwenda zake. Moja inaota wiki hii, nyingine wiki ya mbele, nyingine mchwa wanaikuta bado inafikiria. Sisi sote tulipanda hivyo. Tulitupa mbegu nyingi ili tupate miche michache, na tukaona ndivyo Mungu alivyopanga.

Vestina aliona tofauti nyuma ya bafu. Bafu lao lilikuwa la majani, na maji ya kuogea yalitoka kwa mfereji mdogo hadi kwenye migomba. Siku moja alipura maganda ya bamia uani, mbegu nyingine zikadondoka, zikakanyagwa na watu na mbuzi kwenye mchanga, kisha zikafagiwa zikaishia kwenye ule mfereji. Zikaota zote, zimesongamana, huku tuta la bustani halijatoa hata kichwa kimoja. Mtu mwingine angeng'oa akatupa. Yeye alichuchumaa pale akaangalia mpaka nikamuuliza juu ya ua kama amepoteza pete.

Akaniambia, "Mama Laurence, hizi zimekwanguliwa na mchanga, halafu zimeoga maji ya moto."

Tangu siku hiyo akaanza kuzifanyia makusudi. Kwanza alizimwaga kwenye beseni la maji, zinazoelea akawapa kuku. Zilizozama alizitia kwenye kipande cha gunia pamoja na mchanga mkavu wa mtoni, akazisugua kwa viganja taratibu, mpaka ule mng'ao wa ganda uondoke. Halafu akazilaza kwenye maji ya uvuguvugu, ya kiasi cha kumwogesha mtoto mchanga. Asubuhi zilikuwa zimevimba. Hapo ndipo alizifunga kwenye kitambaa na kuzibeba tumboni, kwa sababu ndani ya nyumba zetu za tofali mbichi mwezi wa sita hakuna sehemu yenye joto la usiku kucha isipokuwa mwili wa mtu. Siku mbili tatu baadaye mbegu ilipasuka na kutoa kijipua cheupe kama ncha ya sindano. Akishaiona hiyo ncha, alikimbia bondeni. Alinifundisha mwenyewe: mbegu iliyokwisha kufunguka haingoji. Ipewe udongo wenye maji siku hiyo hiyo, kwa sababu imeshavunja nyumba yake na haina pa kurudi.

Watu walimcheka. Walisema amekosa mimba ya mtu akajipa ya bamia. Walisema hayo halafu wakamletea mbegu zao, kwa siri kwanza, baadaye waziwazi. Mimi nilikuwa wa kwanza kumletea, na nilikuwa nawatukana wale waliocheka.

Lakini shamba la nyumbani kwake mwenyewe hakuruhusiwa kulipanda. Vénérande alikuwa na desturi yake, aliyoitoa kwao milimani Burundi, kwamba mbegu ya kwanza ya kila msimu hutupwa na mwanamke aliyezaa. Asiyezaa akitupa mbegu, ardhi inamwiga. Vestina alilima, alipalilia, alimwagilia, alivuna. Hata kuzifungua mbegu alikuwa hafungui za nyumba ile, maana Vénérande alisema mkono wake usiziguse kabla ya ardhi. Asubuhi ya kupanda bibi yule alishuka bondeni na kikapu chake cha mbegu kavu, akatupa za kwanza kwa sala ndefu, na Vestina akasimama kando na jembe. Niliona jambo hilo miaka mingi. Sikulizoea.

Mwaka wa tisini na tano magoti ya Vénérande yalikataa kushuka bondeni. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Nyumba ilihitaji mwanamke mwingine wa kutupa mbegu, na kwa hesabu ya Vénérande mwanamke huyo hakuwamo ndani. Akamwita mwanawe, akamwambia wazi kwamba ni wakati wa kumrudisha Vestina kwa kaka yake na kuleta mwingine. Kanisa linakataza, kila mtu anajua, na yeye ndiye aliyetufundisha katekisimu. Lakini inapofika habari ya ukoo kila mzee ana kanisa lake.

Onesphore, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, alimpinga mama yake. Hakupinga kwa nguvu, alikaa tu bila kula. Baada ya siku kadhaa za sahani kurudi jikoni zimejaa, Vénérande akatoa njia ya kati. Alimwita Vestina, akaniita na mimi niwe shahidi, pamoja na jirani yetu mwingine Libérat, aliyekuwa katekista. Akasema mwaka huo Vestina ndiye atakayetupa mbegu za bamia, tuta zima la bondeni. Zikiota, basi mkono wake umefunguliwa na Mungu, atakaa, na hakuna atakayemsemesha tena habari ya watoto. Zisipoota, ardhi itakuwa imesema.

Nilitaka kucheka kwa furaha. Kumjaribu Vestina kwa kuotesha bamia ni kumjaribu bata kwa kuogelea. Yeye mwenyewe alipiga magoti, akamshukuru mkwe wake, akasema, "Asante, Mabukwe," ndivyo tunavyomwita mama mkwe kwa Kirundi chetu. Usiku ule ndani kwao nilisikia vicheko, kitu ambacho nilikuwa nimesahau kwamba nyumba ile inacho.

Kulikuwa na sharti moja, na wakati ule sikulitilia maanani. Mbegu za jaribio lazima zibarikiwe. Padri alikuwa anafika kigangoni kwetu mara chache, barabara yenyewe ilikuwa ile mnayoijua, na alikuwa amesema atakuja Jumapili ya sikukuu ya Moyo Mtakatifu. Watu wangepeleka mbegu zao za bustani altareni, zinyunyiziwe maji ya baraka.

Vestina alimwendea mkwe wake kwa adabu zote. Akamwomba mbegu zibarikiwe zikiwa kavu, halafu yeye azifungue.

Vénérande akamtazama. "Mbegu imetoka altareni, uisugue na mchanga kama sufuria? Halafu uifunge tumboni huko chini ya nguo?"

"Basi nizifungue kwanza, Mabukwe."

"Hilo fanya. Ila zisiguse udongo kabla ya padri."

Mnaona shimo lenyewe lilivyokuwa. Iliyobarikiwa haifunguliwi, na iliyofunguliwa haingoji. Vestina akaliona, akalipimia hatua. Alizisugua katikati ya wiki, akazilaza kwenye maji, akazifunga tumboni, kwa hesabu kwamba Jumapili asubuhi zitakuwa ndiyo kwanza zinapasuka. Zibarikiwe saa nne, saa nane ziwe chini ya udongo. Tuta alishalilowesha tangu Ijumaa. Alikuwa amepanga vizuri kuliko serikali.

Jumapili alikuja kanisani amevaa kitenge chake kipya, na mimi nikijua kilichomo chini yake nilikuwa natabasamu peke yangu. Tukakaa kwenye magogo. Tukaimba. Libérat akasimama akatangaza kwamba gari la padri limeharibika huko njiani, fundi anatafutwa, padri atakuja siku yoyote ndani ya wiki likitengemaa, kwa hiyo tuache mbegu zetu kanisani mbele ya altare zimngoje. Watu wakaanza kupanga vikapu na makopo yao mbele.

Vestina akanigeukia pale kwenye gogo la mbele, akaingiza mkono chini ya kitenge, akatoa kile kitambaa kibichi. Nafikiri alitaka kuniuliza la kufanya. Vénérande alikuwa nyuma yetu. Aliona kitambaa kinatoka tumboni, kimelowa, kina joto la mwili, kinanuka jasho, pale pale karibu na altare. Uso wake ulikunjamana kwa aibu. Akakinyakua bila kupiga kelele, akatoka nacho nje.

Tulipotoka tulimkuta amezitandaza mbegu kwenye ungo juu ya jiwe, juani, anazigeuza kwa vidole zikauke vizuri, zifae kuwekwa mbele ya Mungu. Zile ncha nyeupe zilikuwa zimeanza kuwa njano. Vestina alikimbia akapiga magoti mbele ya ungo.

"Mabukwe, zinakufa," alisema. "Zimeshafunguka. Jua linaziua."

"Jua la Mungu haliui mbegu," Vénérande akamjibu, na akaendelea kuzigeuza.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, nikiwa stesheni, nikiwa jikoni. Nilitamani sana iwe ni roho mbaya. Ingekuwa roho mbaya ningemchukia nikapumzika. Lakini niliuona uso wake pale juu ya ungo, na ulikuwa uso wa mtu anayefanya kazi ya usafi mbele ya Bwana wake. Alizikausha kwa imani, kwa mkono wa upendo, moja moja, zisibaki na doa la unyevu. Halafu akazitia kwenye kikapu kipya, akazifunika kwa kitambaa cheupe, akaziweka altareni. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Padri alifika Alhamisi. Alikuwa mtu mwema, amechoka, ana vumbi mpaka kwenye kope. Alinyunyizia vikapu vyote maji ya baraka, akaenda zake kigango kingine. Hakuna aliyemwambia chochote, na angeambiwa asingeweza kufufua bamia.

Jioni ile Vestina alikuja kwangu na kikapu. Akanionyesha. Kila mbegu ilikuwa imepasuka, na kila ncha ilikuwa kijiti cha kahawia, ukiigusa inavunjika. Alikuwa halii. Aliniambia tu kwamba akisema zimekufa, atakuwa amesema baraka imeziua, na akinyamaza atakuwa amepanda maiti.

Mimi sikuwa na shida kama hiyo. Nilikuwa nimeanza kufungua mbegu zangu tangu Jumatatu, kwa namna aliyonifundisha mwenyewe, na zilikuwa tumboni kwangu wakati ule ule, zimetoa pua. Nikafungua kitenge nikampa kifurushi.

"Chukua hizi. Hizo za kikapuni wape kuku."

"Hizi hazijabarikiwa."

"Nani atajua?"

"Mimi," akasema.

Nilimtukana. Nilimwita mjinga, nikamwambia Mungu ana akili kuliko mkwe wake, nikamwambia ndoa yake nzima imelala kwenye kiganja changu na yeye analeta habari za maji ya baraka. Alisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema aliambiwa atupe mbegu zile, na akatoa neno lake mbele ya mashahidi, na mmoja wa mashahidi ni mimi. Akisema uongo juu ya jambo hili atawezaje kukaa katika nyumba ile na kuiita yake. Kisha akachukua kikapu chake akaondoka. Huyo ndiye mwanamke waliyesema mkono wake una laana.

Alimweleza mumewe pia. Hilo nalijua kwa sababu minyaa haizuii maneno. Onesphore alimwambia apande tu, mama anaangalia, huenda zikaota. Huenda. Mkulima aliyezaliwa na kukulia shambani, ameshika mbegu iliyokufa mkononi, anasema huenda.

Ijumaa asubuhi alishuka bondeni na kutupa mbegu ya kwanza, nasi tukisimama kando. Alifanya kila kitu sawasawa. Kina cha kifundo cha kidole, nafasi ya hatua, udongo laini juu, majani makavu kuzuia baridi. Alisali kwa Kirundi, kwa sauti ndogo. Sijawahi kuona mtu anapanda vizuri namna ile.

Akamwagilia kila asubuhi na kila jioni. Mimi bustani yangu, hatua chache kutoka pale, ilichomoza ndani ya wiki, miche imejipanga kama watoto wa shule. Kwake hakukutoka kitu. Alimwagilia mpaka udongo ukaota ukungu wa kijani. Vénérande aliletwa bondeni amekaa kwenye baiskeli, Onesphore anaisukuma. Akaliangalia tuta, akaangalia la kwangu, na hakusema neno la kumdhihaki mtu. Alisikitika kweli. Akafanya ishara ya msalaba, akasema ardhi imesema.

Nilisimama nikasema mimi. Nilisema mbegu zilikaushwa juani, nilisema kila kitu mbele ya Libérat. Vénérande akaniuliza kwa upole kama namaanisha kwamba kilichowekwa altareni kilikufa altareni. Libérat akaanza kutazama viatu vyake. Nikasema ndiyo, ndivyo ninavyomaanisha, na nikatengwa na jumuiya mpaka Krismasi. Haikumsaidia Vestina hata kidogo. Onesphore alikuwa ameshika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili, na hakuuachia.

Alirudishwa kwa kaka yake Hilari, kijiji cha pili tu, humo humo makazini. Hakufukuzwa kwa fimbo. Alifungiwa vitu vyake vizuri, akapewa na kuku wawili. Onesphore ndiye aliyembebea mzigo.

Kabla ya mwaka kuisha Vénérande alimpata Paskalia. Alikuwa msichana aliyekuja na wimbi la watu waliokimbia vita ya tisini na tatu, aliyepotezana na ndugu zake wote njiani, mnyenyekevu, mwenye mwili wa kuzaa, kama walivyosema wao walipokuwa wanampima kwa macho. Harusi ya kanisani haikuwepo, haikuwezekana. Onesphore akahamia gogo la nyuma, akaacha kukomunika, na Vénérande akaendelea kuongoza rozari.

Ikafika tena miezi ya baridi. Sasa kulikuwa na mke mpya wa kutupa mbegu ya kwanza, na msimu uliopita haukuwa na mavuno. Nyumba haikuweza kukosa bamia mara mbili. Siku moja nilikuwa kwa Hilari kumtembelea Vestina, akatokea Onesphore na kifurushi cha mbegu kavu. Alikaa kwenye kigoda akazunguka sana kabla ya kufika. Alisema mama hahitaji kujua. Alisema akimwachia Vestina afungue hizi kidogo, bustani ikienda vizuri, mama moyo wake utalainika, naye ataanza kumsemea arudi.

Nilimtazama Vestina nikajua atakubali. Bado alikuwa anampenda yule mtu. Sina maelezo ya jambo hilo, nalisema kama lilivyo. Alizisugua, akazilaza, akazibeba tumboni nyumbani kwa kaka yake, na siku zilipopasuka Onesphore akazifuata alfajiri, Paskalia akazitupa asubuhi hiyo hiyo. Baraka zilifuata baadaye, juu ya miche, maana Vénérande mwaka ule hakutaka tena kusikia habari ya mbegu kungoja padri. Watu hujifunza, mnaona. Hawasemi tu wamejifunzia kwa nani.

Bondeni kulijaa. Nilipita pale nikaona tuta lile lile limekuwa kijani kibichi, hakuna pengo. Kwenye sala ya jumuiya Vénérande alimsimamisha Paskalia katikati yetu, akamshika mkono wake wa kulia, akauinua. Akamshukuru Mungu kwa mkono wenye heri aliomletea uzeeni. Watu wakapiga makofi. Vestina alikuwepo, alikuwa amekuja kwangu akafuatana nami, amekaa karibu na mlango. Naye alipiga makofi. Paskalia peke yake ndiye aliyekuwa anatazama chini, kwa sababu alizipokea zile mbegu mwenyewe alfajiri na aliziona pua zake.

Habari ya kumsemea arudi haikutajwa tena. Msimu uliofuata Onesphore alileta kifurushi kikubwa zaidi. Na uliofuata. Wala Vestina hakuuliza tena.

Miaka ikaenda, na Paskalia hakuzaa. Hapo sasa ndipo nilipokuwa nangoja kwa hamu kusikia Vénérande atasema nini. Alimpeleka hospitali Mpanda kwa kibali cha kutoka makazini, akamsalia novena, sala za siku tisa, akamwambia Mungu ana wakati wake. Watu wakisema neno, aliwajibu waende bondeni wakaangalie: mwanamke ambaye ardhi inamwitikia namna ile hawezi kuwa amefungwa, ni majaribu tu. Yale ambayo Vestina hakuambiwa hata siku moja, Paskalia aliambiwa kila siku. Na yalisimama juu ya nini? Juu ya tumbo la Vestina.

Hasira zilinipanda kichwani. Nilikwenda kwa Hilari nikamkuta Vestina anapembua mchanga. Nikamwambia inatosha. Nikamwambia mwaka huu Onesphore akija amrudishe na kifurushi chake, wakapande kavu, tuone mkono wenye heri utaotesha nini. Nikamwambia sasa kila mwenye macho anaona kwamba tatizo halikuwa kwake, wake wawili wamekaa na mwanaume yule yule, na wote hawana mtoto. Bamia zikigoma msimu mmoja tu, wataanza kufikiri.

Aliendelea kupembua. "Hawatafikiri," alisema. "Watamrudisha."

"Wamrudishe. Wewe walikurudisha."

"Mimi nilikuwa na Hilari. Yule watamrudisha kwa nani?"

Nikachukua gunia nikamshikia upande wa pili, tukapembua pamoja.

Wiki ile ile Onesphore akafika, akaweka kifurushi chake mlangoni, akauliza zitakuwa tayari lini. Vestina akamwambia aje Alhamisi, na awahi.